Je, wajua? Doa la jua ni jeusi lakini lingeyeyusha chuma

Ukiwa Feri, Mtwara, asubuhi jua likichomoza upande wa bahari, ukavaa miwani maalumu ya kutazamia kupatwa kwa jua (ile ya urembo haifai, utaharibu macho), siku nyingine utaona kinukta cheusi usoni mwa jua. Hilo ndilo doa la jua.

Mbona jeusi? Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 za Selsiasi hivi, na katikati ya doa ni kama 3,500. Chuma huyeyuka kwenye 1,538. Weusi ule ni wa kulinganisha tu na jirani yake anayewaka zaidi.

Kinachopunguza joto ni sumaku. Mtazame mama wa uji pale pembeni: uji wa chini ukipata moto hupanda, ukipoa hushuka. Jua nalo hutokota vivyo hivyo, ila kinachotokota ni plazima, yaani gesi iliyochemka hadi atomu zake zikapoteza elektroni. Plazima hushikwa na sumaku. Ndani ya doa, sumaku hufika gausi 3,000 hivi (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), maelfu ya mara kuliko ya dunia, nayo huizuia plazima kupanda. Mwanaastronomia George Ellery Hale aliigundua sumaku hiyo ya madoa mwaka 1908, Marekani.

Utamu uko ukingoni mwa doa. Kiini cheusi kimezungukwa na ukingo wa kijivu wenye nyuzinyuzi, kama ukili uliochanwa kabla ya kusukwa mkeka. Mwaka 1909 mwanaastronomia John Evershed, akiwa Kodaikanal, India, alipima mwanga wa ukingo huo akakuta gesi inakimbia kwenda nje. Katika kiini mistari ya sumaku imesimama wima, ukingoni imelala. Plazima inayopanda hapo hupindishwa, ikafuata mlalo huo, kisha ikazama mbele. Mwendo wake ni kilomita kadhaa kwa sekunde. Tuseme 5: Mtwara hadi Lindi ni sekunde ishirini na ushee. Basi letu hapo hata stendi halijatoka.

Sumaku hiyo ikisokoteka mno, mistari yake huweza kukatika na kuungana upya, na nguvu iliyojikusanya hulipuka. Eksirei zake hutufikia kwa dakika 8 hivi na kuvuruga tabaka la anga linalorudisha mawimbi mafupi ya redio, upande wa dunia ulio mchana. Nahodha wa meli aliye nje ya Msimbati, akiipiga makofi redio yake saa hiyo, anaionea bure.