Ruzuku ya nishati: inamfikia nani, inampita nani

Katika mikutano yetu ya elimu kwa wateja wa umeme hakuna swali linalorudi mara nyingi kama hili: "Mbona jirani yangu akinunua umeme wa elfu kumi anapata uniti nyingi kuliko mimi?" Anayeuliza huwa ameshaamini kwamba mita yake ni mbovu au kuna mtu anamuibia. Mara nyingi mita ni nzima. Jirani yuko kundi la D1, la nyumba zenye matumizi madogo, yeye yuko T1, la matumizi ya kawaida, na kila kundi lina bei yake.

Kwa bei zilizopangwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji Tanzania, mwaka 2016, ambazo zimetumika kwa miaka mingi baada ya hapo, mteja wa D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi. Mteja wa T1 hulipa shilingi 292 kwa kila uniti. Ongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA (Wakala wa Nishati Vijijini) ya asilimia 3 na ya EWURA ya asilimia 1: wa D1 anapata uniti zake 75 kwa shilingi 9,150, na wa T1 kwa elfu kumi anaondoka na uniti 28. Hii ni ruzuku kubwa. Haina foleni, haina fomu ya kujaza kila mwezi wala sherehe ya uzinduzi, na pengine ndiyo sababu watu wengi wanaostahili kuipata hawajui kama ipo.

Kujua kundi lako si kazi. Chukua ujumbe wa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, wa manunuzi ya mwisho, tazama gharama ya umeme kabla ya kodi na tozo, ugawanye kwa idadi ya uniti. Ukipata 100, uko D1. Ukipata 292, uko T1. Usigawanye fedha yote uliyotuma, kwa sababu ndani yake mna VAT, tozo, na tangu 2021 kodi ya jengo, ambayo hukatwa kwenye mita. Ndiyo maana manunuzi ya mwanzo wa mwezi huonekana kama yamepunjwa.

Mteja wa D1 ana jambo moja la kuchunga. Uniti ya 76 ndani ya mwezi haiuzwi kwa 100 wala kwa 292, inauzwa kwa 350. Mfumo unahesabu ulichonunua, hauhesabu ulichotumia. Mtu anayepata mshahara akanunua umeme wa miezi miwili kwa mkupuo akidhani anajiwekea akiba, anailipia sehemu ya pili kwa bei ya juu kuliko zote. Nunua ya mwezi huu, ya mwezi ujao isubiri mwezi ujao. Na kama matumizi yako kwa wastani hayafiki uniti 75 lakini uko T1, nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako ukiwa na namba ya mita, omba kundi lako liangaliwe. Usiporidhika na majibu, EWURA hupokea malalamiko ya wateja, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kumsaidia mwananchi kuyaandika.

Fedha ya nafuu hii haitoki Hazina moja kwa moja. Shilingi 100 haitoshi kuzalisha uniti moja, kuisafirisha na kuifikisha nyumbani, na pengo hufidiwa na wateja wa makundi mengine. Mwenye saluni aliye T1 anamchangia bibi mwenye taa tatu na redio. Mimi naona ni haki kabisa, ila kwa sharti kwamba mchango unamfikia bibi kweli.

Hapo ndipo penye kasoro inayonisumbua kuliko zote. Tazama nyumba za kupanga za Manzese, Tandale au Mbagala, Dar es Salaam. Nyumba moja ina vyumba sita, familia sita, mita moja. Kila familia ina taa, televisheni na chaji ya simu, pengine na friji ndogo. Peke yake, kila moja ingekaa D1 bila wasiwasi. Zikijumlishwa kwenye mita moja zinavuka uniti 75 kabla mwezi haujafika nusu, kwa hiyo mita ni ya T1 na wote sita wanalipa bei ya T1. Kwingine, kwenye nyumba kubwa iliyo tulivu, anakaa mtu mmoja anayesafiri sana, na mita yake iko D1. Mfumo unahesabu uniti za mita, na mita haijui ni watu wangapi wanakula kupitia kwake.

Wenye nyumba wengi wamefunga mita ndogo za ndani ili wapangaji wasigombane. Hizo zinasaidia amani, hazisaidii bei, kwa sababu umeme bado umenunuliwa T1 kwenye mita kubwa. Dawa ni kila familia kuwa na mita yake ya TANESCO. Lakini tangu Januari 2022 kuunganishwa mjini kwa njia moja (umeme wa kawaida wa nyumbani), ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ni shilingi 320,960, wakati kijijini ni 27,000. Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kutoa laki tatu kwenye nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba haoni faida yake. Laiti ningeombwa kuchagua matumizi mamoja tu ya fedha mpya za ruzuku ya nishati, ningezipeleka hapo: kupunguza gharama ya mita za ziada kwenye nyumba za wapangaji. Serikali ingelipa mara moja, na familia ingefaidika kila mwezi.

Kulipa mara moja ndiko pia kulikochaguliwa kwenye gesi, ila huku naona hesabu imegeuka. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Kitaifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi kufikia 2034. Moja ya kazi zilizofanyika ni REA kuwezesha wananchi kununua mtungi wa kilo sita kwa nusu ya bei. Ni jambo jema, nami nimeona akina mama wakiupokea kwa furaha ya kweli. Lakini mtungi hununuliwa mara moja na gesi hujazwa kila inapokwisha, na kujaza ule wa kilo sita katika sehemu nyingi kunazidi shilingi elfu ishirini zinazotakiwa kwa pamoja. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mwenye kipato cha siku kwa siku ananunua kinacholingana na fedha iliyo mkononi siku hiyo. Mtungi ukiisha unawekwa kona, jiko la mkaa linarudi, na takwimu bado zinamhesabu mama yule kuwa amehamia nishati safi. Ruzuku inayotaka kubadili mapishi inapaswa kugusa bei ya kujaza, au iwezeshe gesi kuuzwa kidogo kidogo kwa mita, kama baadhi ya wauzaji wa Dar es Salaam walivyokwisha kuanza.

Majirani zetu Kenya wameonyesha jinsi bei ya kujaza inavyoweza kuchezewa na kodi. Julai 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa VAT ya asilimia 16. Mwaka 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 8, na 2023 ikaondolewa kabisa. Ndani ya miaka miwili, familia iliyoshawishiwa kuacha makaa ilipandishiwa bei, ikashushiwa, ikashushiwa tena. Mtu hawezi kupanga jiko lake kwa namna hiyo.

Kuna njia nyingine ambayo haijapata sauti inayostahili, nayo ni jiko la presha la umeme. Maharage ambayo kwenye mkaa hukaa saa tatu, jiko hili linaivisha kwa takribani nusu uniti, maana likishafika moto unaotakiwa linajizima na kushikilia joto lake lenyewe. Nusu uniti kwa mteja wa D1 ni shilingi 61. Kwa wa T1 ni kama 178. Kote kuwili ni nafuu kuliko mkaa wa kuchemshia chungu hichohicho.

Ila kuna mtego, na wapangaji wa sera wanatakiwa kuutazama mapema. Chukua familia ya D1 inayotumia uniti 50 kwa mwezi. Ikianza kupikia umeme na kutumia uniti moja tu kwa siku, inafika 80. Imevuka mpaka. Kwanza italipa 350 kwa kila uniti ya ziada, na ikiendelea hivyo mwezi hadi mwezi itahamishiwa T1, ambako hata taa zake zitapanda bei karibu mara tatu. Yaani tunamwambia mwananchi apikie umeme, kisha akitii tunamnyang'anya nafuu ya umeme. Uniti 75 zilipangwa wakati ambapo matumizi yaliyofikiriwa yalikuwa taa, redio, televisheni na pasi. Kama tunataka umeme uingie jikoni, mpaka huo usogezwe, au uniti za kupikia zipewe nafasi yake. Kwa Kenya mtego huu ni mkali zaidi, kwa sababu tangu mapitio ya bei ya 2023 kundi lao la nafuu linaishia uniti 30.

Ruzuku ya mafuta ya magari nitaipitia kwa ufupi. Bei za dunia zilipopanda baada ya vita vya Ukraine kuanza, Serikali ya Tanzania ilitoa shilingi bilioni 100 kwa Juni 2022 na kuendelea miezi iliyofuata. Kenya ilikuwa imeanza mapema zaidi, mwaka 2021, na Septemba 2022 Rais William Ruto alipoiondoa kwenye petroli, lita moja jijini Nairobi ilipanda kutoka shilingi za Kenya 159.12 hadi 179.30 kwa usiku mmoja. Ruzuku ya aina hii hufuata lita. Mwenye magari matatu hupata zaidi kuliko abiria wa daladala, na siku ikiondolewa maumivu huja yote pamoja. Kwa dharura ya miezi michache naielewa.

Sasa wenye biashara. Mashine ya kusaga, karakana ya kuchomelea na duka lenye friji nyingi mara nyingi viko T1 kama nyumba ya kawaida. Anayezidi uniti 7,500 kwa mwezi huingia T2, ambako uniti ni shilingi 195. Wengi husikia 195 wakashangilia, kisha ankara ikija wanashtuka, kwa sababu T2 ina malipo ya kilele: shilingi 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha mzigo wa umeme) ya mzigo wa juu kabisa uliowahi kuufikia ndani ya mwezi huo, pamoja na ada ya huduma ya 14,233.

Tuseme kiwanda kidogo kinakamua alizeti Singida, kilele chake ni kVA 50. Kikitumia uniti 7,500, kwa jumla kila uniti inamgharimu mwenye kiwanda kama shilingi 297 kabla ya kodi, juu kidogo ya T1. Kikitumia uniti 15,000 kwa kilele kilekile, uniti inashuka hadi 246. Maana yake ni kwamba anayeendesha mashine zote kwa saa nne kisha akazima analipa zaidi kuliko anayezipanga zifuatane siku nzima. Mwite fundi mwenye leseni apime pia kama unahitaji kapasita. Mota kuukuu huongeza kVA bila kuongeza kazi, na kVA kumi tu zikipungua ni zaidi ya laki moja na nusu kila mwezi. Ushauri wa aina hii kwa viwanda vidogo ungegharimu Serikali kidogo sana, na bado hautolewi kwa mpango.

Upande wa viwanda vinavyotumia nishati safi, tuna mifano yetu wenyewe. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi huzalisha umeme kwa makapi ya miwa. Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa yaligeuzwa biogesi ya kuzalisha umeme. Mwenga, wilayani Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 unahudumia vijiji na mashamba ya chai, na ziada huuzwa TANESCO. Wazalishaji wadogo wa aina hii walihitaji zaidi ya kitu kingine mkataba wa kueleweka, wenye bei inayojulikana kabla mtu hajakopa benki, na utaratibu wa mikataba sanifu uliowekwa mwishoni mwa muongo wa 2000 uliwapa hilo. Mkopeshaji huuliza kwanza nani atanunua umeme, kwa bei gani, kwa miaka mingapi.

Na sasa Bwawa la Nyerere la kuzalisha umeme lipo, mashine tisa zenye jumla ya megawati 2,115. Usiku wa manane mahitaji ya nchi hushuka na sehemu ya uwezo huo hukaa bila kazi. Kenya iliwapa wenye viwanda punguzo la nusu ya bei ya uniti kwa matumizi ya usiku kuanzia Desemba 2017, lakini kwa sharti la kuvuka kwanza kiwango fulani cha matumizi, na waliokuwa tayari wanafanya kazi usiku wakajikuta hawapati chochote. Sisi tunaweza kuanza bila sharti hilo. Watengeneza barafu wa Kirumba, Mwanza, na Feri, Dar es Salaam, wenye vyumba vya baridi vya maparachichi Njombe, wenye pampu za umwagiliaji na wanaochaji bajaji za umeme, hawa wote wanaweza kuhamishia kazi usiku wakipewa bei inayolipa usumbufu wao. Pendekezo kama hilo linapitia EWURA, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kabla bei haijapitishwa. Mikutano hiyo ya kusikiliza maoni, iitwayo ya taftishi, hutangazwa magazetini. Wenye viwanda vikubwa huja na wanasheria wao, na viti vya wapangaji, mama lishe na wasagishaji mara nyingi hubaki vitupu. Tangazo lijalo mkiliona, njooni na risiti zenu za LUKU.