Saa ya mkononi, shajara au waya kichwani? Kupima usingizi wa mtoto wa shule

Mzazi ukimuuliza mtoto alilala saa ngapi, atakutajia saa aliyozima taa. Mtoto anaweza kukaa nusu saa nzima ndani ya neti akinong'ona na nduguye, na dakika zote hizo zikaingia kwenye hesabu ya usingizi. Dodoso la mzazi mimi hulitumia kwa mambo ambayo hakuna kifaa cha mkononi kitakachonieleza: kukoroma, hofu ya giza, ndoto mbaya. Masaa silichukulii.

Kipimo kamili ni polisomnografia. Waya hubandikwa kichwani, pembeni mwa macho na kidevuni, mikanda ikafungwa kifuani na tumboni, kisha usiku mzima ukasomwa kwa vipande vya sekunde 30. Ukishuku mtoto anakatika pumzi usingizini, hiki ndicho kipimo. Ila ukitaka kujua watoto wa P5 (darasa la tano la msingi) hulala kiasi gani siku za shule, usiku mmoja wenye waya hautakujibu.

Hapo huchukua aktigrafu, kifaa kama saa kinachorekodi mwendo wa mkono. Kivalishwe mkono asioandikia, siku 7 mfululizo pamoja na wikendi, ili upate angalau siku 5 zenye data kamili. Chagua kanuni moja ya kukokotoa usingizi kutokana na mwendo huo, ya Sadeh (1994) au ya Cole na wenzake (1992), ubaki nayo hadi mwisho. Ukizichanganya, matokeo hayalinganishiki.

Kifaa hiki hakioni usingizi, kinaona utulivu. Mtoto aliyejilaza macho wazi bila kujigeuza huandikwa amelala, kwa hiyo takwimu zake za kuamka usiku siziamini sana. Kikivuliwa wakati wa kuoga kikasahauliwa mezani, utasomewa usingizi mnono ajabu. Kinyume chake hutokea kwenye gari la shule: mtoto amechukuliwa saa kumi na moja alfajiri, amesinzia kitini, lakini mashimo ya barabara yanamtikisa na kifaa kinasema yuko macho.

Ndiyo maana shajara ya asubuhi ni lazima. Mistari minne inatosha: alipanda kitandani saa ngapi, taa ilizimwa saa ngapi, aliamka saa ngapi, kifaa kilivuliwa lini. Ijazwe kabla ya chai, maana ikijazwa Ijumaa kwa wiki nzima ni ubunifu mtupu.

Mtego mkubwa ni saa zenyewe. Mtoto akiandika "3", ni saa tatu usiku ya nyumbani, au ni saa tisa usiku kwa mhesabu wa Kizungu? Tofauti ni masaa 6. Kwenye fomu weka picha ya uso wa saa achore mishale, na kando yake visanduku vya jioni, usiku na alfajiri. Kagua pia kifaa: kikiachwa kwenye UTC, yaani saa ya kimataifa, kiko nyuma ya Kampala kwa masaa 3. Ukiona darasa zima limelala saa kumi na mbili jioni, usishangilie, fungua mpangilio wa saa ya kifaa kwanza.