Masizi usoni, sauti kwenye nta

"Minstreli ulikuwa muziki wa watumwa wa mashambani." Minstreli yalikuwa maonyesho ya jukwaani ya Marekani, ya nyimbo na vichekesho vya kuwakejeli Weusi, na dai hili ni uongo wenye chembe ya kweli, ndiyo maana haufi. Virginia Minstrels, kundi lililoifanya minstreli kuwa onyesho kamili, lilikuwa la Wazungu wanne waliojipaka masizi ya kizibo, na walianzia New York mwaka 1843. Chembe ya kweli ni banjo, ala ya nyuzi iliyopigwa kwenye maonyesho hayo. Asili yake ni Afrika Magharibi. Watumwa waliivusha bahari, kisha ikafanywa ala ya kuwakejeli wajukuu zao.

"Weusi wa Marekani hawakurekodiwa hadi ulipokuja muziki wa bluzi, 1920." Hili ndilo linalonikera zaidi. Miaka 30 kabla ya hapo, George W. Johnson, mzaliwa wa Virginia aliyekuwa akipiga mluzi mitaani New York kwa senti za wapita njia, alisimamishwa mbele ya pembe za fonografu, mashine ya kurekodi sauti. Silinda ya nta, iliyochorwa sauti na mashine hiyo, ilibeba kama dakika mbili tu, na kuinakili ilikuwa shida. Basi mashine kadhaa zilipangwa mbele yake, akaimba, silinda zikabadilishwa, akaanza upya wimbo ule ule, kutwa nzima. Uliotia fora ni wimbo wake wa kicheko: kila kiitikio lazima acheke kwa mapigo, bila kupotea. (Jaribu mara kumi mfululizo uone mbavu zitakavyokuuma.) Malipo yalikuwa senti 20 kwa kila mara. Na maneno anayoyachekea yanamdhihaki mtu mweusi.

"Waliojipaka masizi ni Wazungu tu." Hapana. Bert Williams, Mweusi wa Bahamas mwenye rangi ya maji ya kunde, alijipaka pia jukwaani. Yeye na mwenzake George Walker walirekodi katika kampuni ya santuri ya Victor mwaka 1901.

"Ukisikia lafudhi ya Weusi kwenye santuri za zamani, mwimbaji ni Mweusi." Santuri haina uso. Arthur Collins na Len Spencer, Wazungu wote wawili, waliiigiza lafudhi hiyo mbele ya pembe bila kuhitaji hata chembe ya masizi, na santuri zao ziliuzwa sana. Silinda zilipoanza kutolewa kwa kalibu, karibu mwaka 1902, kuimba mara moja kukatosha kutoa nakala nyingi, na kazi ya Johnson ikakauka. Baadaye akawa bawabu katika ofisi ya Spencer.