Sarafu za Saba na Himyar: jina la mfalme halitoshi kuwa tarehe

Karibu kila anayeniletea sarafu ya fedha ya Yemen ya kale huja na jibu lake tayari: jina la mfalme linasomeka, mfalme huyo ametajwa katika maandishi ya mawe, basi mwaka wa sarafu umejulikana. Dhana hii inanichosha kwa sababu huzaa tarehe za uongo, ambazo baadaye hunukuliwa kana kwamba zimethibitishwa.

Wafalme wa Saba (ndiyo Sheba), Qataban, Hadramawt na Himyar, falme za kale za Yemen, walirithishana majina machache. Karib'il Watar aliyeacha maandishi makubwa katika hekalu la Sirwah aliishi karne ya 7 KK, na zawadi za Karib'il wa Saba zimetajwa katika kumbukumbu za Senakeribu, mfalme wa Ashuru. Wakati huo sarafu hazijafika Arabuni. Karib'il wa sarafu zenye jina la Raydan, kasri la Zafar, mji mkuu wa Himyar, ni mtu mwingine kabisa. Wataalamu wengi humtambua kuwa ndiye Charibael wa Periplus, mwongozo wa mabaharia wa katikati ya karne ya 1 BK, ambao unaiweka pia Rhapta, bandari ya pwani yetu ya Afrika Mashariki, chini ya mtawala wa Mapharitis, eneo la huko huko Yemen. Kati ya Karib'il hao wawili imepita zaidi ya miaka 700.

Tena sarafu hizi hazina mwaka. Hesabu ya miaka ya Himyar, ambayo wengi leo huianzia 110 KK badala ya 115 KK ya vitabu vya zamani, imo katika maandishi ya mawe, na tofauti hiyo peke yake husogeza tawala kwa miaka mitano. Kwenye sarafu tunaanza na kielelezo kilichoigwa: bundi aliyesimama juu ya mtungi anafuata sarafu mpya za Athens za karne ya 2 KK, na kichwa kilichochongwa kwa mtindo wa Augustus, mfalme mkuu wa Roma, hakiwezi kutangulia utawala wake, ulioanza 27 KK. Hata hapo tunapata mpaka wa mwanzo tu, kwa kuwa kielelezo kimoja kiliweza kuigwa vizazi kadhaa. Ndipo tunapolinganisha uzito, monogramu (herufi za jina zilizounganishwa kuwa alama moja), umbo la herufi na sarafu nyingine zilizofukuliwa pamoja nayo. Kwa njia hiyo Amdan Bayyin Yuhaqbid, mwenye vipande vidogo vya fedha vinavyoonekana mara nyingi sokoni, huwekwa mwishoni mwa karne ya 1 BK, na anayetaja mwaka kamili anakisia.

Kuhusu bundi, si kila sarafu yenye bundi ilitoka Athens. Itazame shavu la Athena, mungu wa kike ambaye kichwa chake kiko upande wa pili wa sarafu: herufi ya musnad, mwandiko wa kale wa Arabia Kusini, iliyochorwa hapo huonyesha thamani, nayo ni alama ya Arabia Kusini.

Sarafu ya Malkia wa Sheba haipo. Simulizi zake humweka katika zama za Nabii Suleiman, karne ya 10 KK, na sarafu za kwanza duniani zilitokea Lydia, katika Uturuki ya leo, katika karne ya 7 KK.

Nawasihi pia msizisugue sarafu hizi ili zing'ae. Pimeni uzito kwa gramu hadi desimali mbili, pigeni picha pande zote mbili, na andikeni mahali ilipopatikana, kwa maana sarafu isiyojulikana ilikotoka imekwisha kupoteza nusu ya ushahidi wake, na herufi iliyosuguliwa hairudi.