Kwa nini kasino hufilisika: hesabu za Atlantic City

Biashara ambayo kila mchezo wake umepangwa kihesabu umnufaishe mwenye meza, inafilisikaje? Jibu zuri kuliko yote liko Atlantic City, mji wa pwani ya New Jersey, nchini Marekani. Mwaka 2006 kasino za mji huo zilibakiza takriban dola bilioni 5.2 kutoka kwa wachezaji. Miaka 8 baadaye, kasino 4 kati ya 12 zilifunga milango ndani ya mwaka mmoja na watu wapatao 8,000 wakapoteza kazi. Katika kipindi chote hicho wachezaji hawakuwa wameanza kushinda.

Tuanze na meza yenyewe, maana bila hesabu hii mengine hayaeleweki. Ruleti ya Marekani ina nafasi 38: namba 1 hadi 36, nafasi ya 0, na nafasi ya 00. Ukipatia namba, unalipwa 35 kwa 1. Chukua dola 38, weka dola 1 kwenye kila nafasi. Mpira ukitua popote, utapata 35 pamoja na dola yako iliyoshinda, jumla 36. Dola 2 zimebaki mezani, sawa na asilimia 5.26. Ruleti yenye sifuri moja hubakiza asilimia 2.70. Na tangu 2016 Las Vegas kuna meza zenye sifuri tatu, ambako kasino hubakiza asilimia 7.69. Mtu mmoja anaweza kuondoka na maelfu usiku huu, lakini mizunguko ikishakuwa mingi wastani hurudi palepale.

Kwa hiyo meneja wa kasino haulizi nani ameshinda leo. Anauliza kila mteja ana thamani gani kwa saa, na anaipata kwa kuzidisha vitu vinne: wastani wa dau, idadi ya michezo kwa saa, saa alizokaa, na asilimia ya kasino. Mchezaji wa karata za 21 anayeweka dola 25, mizunguko 70 kwa saa, kwa saa 4, amepitisha mezani dola 7,000. Kasino ikiwa na asilimia 1, thamani yake ni dola 70. Sasa mtazame mama mtu mzima kwenye mashine ya sloti anayebonyeza dola 1 tu, mara 500 kwa saa, saa zilezile 4. Amepitisha dola 2,000, na mashine ikibakiza asilimia 9, thamani yake ni dola 180. Chakula cha bure, chumba cha bure na kuponi hukatwa kutoka kwenye namba hii, si kutoka kwenye kiasi alichopoteza kweli siku hiyo. Ndiyo maana mtu wa dau dogo anaweza kupewa chumba huku wa dau kubwa akiambiwa alipe.

Atlantic City ilijengwa juu ya mama huyo. Wapiga kura wa New Jersey waliruhusu kasino mwaka 1976, na Resorts International ikafunguliwa Mei 1978. Wakati huo nje ya Nevada hapakuwa na kasino halali ya namna hiyo popote nchini. Philadelphia iko umbali wa kilomita 100 hivi, New York takriban 200. Mabasi yalileta wastaafu asubuhi, wakapewa sarafu za kuanzia na kuponi ya chakula, jioni wakarudi kwao. Kodi ilikuwa ndogo, asilimia 8 ya kile kilichobaki kwa kasino, pamoja na asilimia 1.25 ya kuwekeza katika maendeleo. Biashara hii haikuhitaji ufukwe, wala jukwaa la wanamuziki, wala mpishi mashuhuri. Ilihitaji kitu kimoja tu: jirani asiwe na mashine.

Jirani akapata mashine. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya kabila la Cabazon la California, kwamba jimbo haliwezi kupiga marufuku kwenye ardhi ya Wahindi Wekundu michezo ambayo lenyewe linairuhusu na kuisimamia kwingine. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya michezo hiyo. Foxwoods ikafunguliwa Connecticut 1992, Mohegan Sun 1996. Pigo zito lilitoka Pennsylvania, ambako sloti zilianza kuwaka mwishoni mwa 2006, moja ya kumbi ikiwa nje kidogo tu ya Philadelphia. Oktoba 2011 ukumbi wa mashine ukafunguliwa Aqueduct, ndani ya jiji la New York lenyewe.

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Pennsylvania hutoza kodi ya zaidi ya nusu ya mapato ya sloti, mara kadhaa ya ile ya New Jersey. Wengi waliamini kodi hiyo ingezilinda kasino za Atlantic City, kwa kuwa wapinzani wao wasingekuwa na fedha za kuwavutia wateja kwa zawadi. Haikuzilinda. Mteja wa sloti haioni kodi. Anaona dakika 20 za gari dhidi ya saa moja na nusu ya basi, na mashine ni ileile. Kufikia 2012 Pennsylvania ilikuwa imeipita Atlantic City kwa mapato.

Sababu ya pili ni deni, na mfano wake ni kasino ya Revel, hapohapo Atlantic City. Jengo hilo liligharimu takriban dola bilioni 2.4 na lilifunguliwa Aprili 2012, wakati soko likiwa tayari linashuka. Waanzilishi walitaka mgeni wa kifahari. Walikataza uvutaji sigara ukumbini na wakawapa kisogo wateja wa mabasi, yaani wale waliokuwa wakiufanya mji uishi. Pia walijifunga kwenye mkataba wa nishati na mtambo wa kampuni nyingine, malipo yakienda hata ukumbi ukiwa mtupu. Likafungwa Septemba 2014, na mwaka uliofuata likauzwa kwa dola milioni 82, yaani kama senti 3 na nusu kwa kila dola iliyojengea.

Mapato yaliposhuka, thamani ya majengo nayo ilishuka, na kasino zikadai zirudishiwe kodi ya majengo iliyozidi. Mji uliokuwa ukitegemea kodi hiyo ukajikuta unadaiwa na walipakodi wake. Borgata peke yake ilidai takriban dola milioni 165, ikakubali 72 mwaka 2017. Miezi michache kabla, jimbo lilikuwa limeshachukua usimamizi wa fedha za mji. Kwa maoni yangu hili ndilo funzo zito zaidi kwa serikali yoyote inayotaka kujenga bajeti juu ya kamari. Kodi ya kasino hushuka wakati uleule ambapo watu walioachishwa kazi wanahitaji huduma.

Borgata yenyewe ilipona, na si kwa bahati. Tangu 2003 ilijengwa kwa ajili ya mgeni anayelala, anayekula na anayekuja kwa tamasha, hivyo mashine ya jirani haikumnyang'anya kila kitu. Las Vegas ilishafika huko mapema: tangu miaka ya mwisho ya 1990, vyumba, chakula na burudani vimekuwa vikiingiza zaidi ya nusu ya mapato ya hoteli kubwa za Strip, barabara yake kuu ya kasino. Lakini huko nako makampuni yameuza majengo na kuyapanga tena. Kampuni ya MGM iliuza jengo la kasino yake ya Bellagio mwaka 2019 kwa dola bilioni 4.25 na kukubali kodi ya pango ya milioni 245 kwa mwaka, yenye kupanda. Kodi ya pango haisubiri wageni. Inalipwa kwa ada ya maegesho, ada ya hoteli juu ya bei ya chumba, na kwa meza za 21 zinazolipa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2. Kwa dau la dola 10, mchezaji aliyepata 21 kwa karata mbili za kwanza hupewa 12 badala ya 15. Badiliko hilo peke yake humwongezea mwenye meza takriban asilimia 1.4.

Kilichoinusuru New Jersey ni simu. Michezo ya kasino kwa intaneti ilianza Novemba 2013, na Mei 2018 Mahakama ya Juu ikafuta sheria ya 1992 iliyozuia majimbo kuruhusu kubeti michezo. Faida kubwa ya kubeti iko kwenye mkeka, yaani dau moja juu ya mechi kadhaa ambazo zote lazima upatie. Chukua mechi 4, kila moja nafasi nusu kwa nusu, odi 1.91. Zidisha: unapata 13.3, wakati malipo ya haki yangekuwa 16. Kwenye mechi moja kampuni hubakiza asilimia 4.5, kwenye mkeka huo asilimia 17. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kuipiga hesabu hiyo kwenye mkeka wake mwenyewe.

Mwaka 2024 michezo ya kasino kwa intaneti iliingiza New Jersey takriban dola bilioni 2.4, na kumbi zenyewe takriban 2.8. Ukijumlisha, inaonekana 2006 imerudi. Sivyo. Fedha ya intaneti hugawanywa na makampuni ya programu yanayotumia leseni ya kasino, na haiajiri mgawa karata wala mfagia chumba. Kisha Julai 2025 jimbo lilipandisha kodi yake kutoka asilimia 15 hadi 19.75.

Na Desemba 2025 New York iliidhinisha leseni 3 za kasino kamili ndani ya jiji: mbili Queens, moja Bronx. Ukumbi wa Aqueduct ni mmojawapo, safari hii ukiwa na ruhusa ya meza. Anayetaka kujua Atlantic City itafikia wapi asome ripoti ya kila mwezi ya wasimamizi wa kamari wa New Jersey, aiweke kando safu ya intaneti, na afuate mapato ya meza, hasa kwa kasino zisizo na vyumba vya kutosha.