Kwa Nini Kinanda cha Jimmy Smith Husikika Kama Kinagongwa?

Jimmy Smith, mwanamuziki wa jazi mzaliwa wa Norristown katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, alianza kama mpiga piano, akahamia kwenye kinanda cha umeme cha Hammond baada ya kumsikia mpiga kinanda Wild Bill Davis, na mwaka 1956 akatoa albamu yake ya kwanza kupitia kampuni ya rekodi ya Blue Note.

Wengi wanaomsikiliza huamini kwamba ule mlio mkali unaotangulia kila noti unatokana na nguvu za vidole vilivyozoea piano. Sivyo. Kwenye Hammond B-3, aina ya kinanda hicho aliyoitumia, ubonyeze kwa nguvu au kwa upole, sauti hutoka kwa ukubwa uleule, kwa kuwa ukubwa wake huongozwa na kanyagio la mguu. Hata kibonyezo kikipigwa ngumi, kinanda hakitapaza sauti zaidi.

Jibu limo ndani ya sanduku, ambamo magurudumu 91 madogo ya chuma huzunguka mfululizo mbele ya sumaku zenye koili, yakizalisha mawimbi ya umeme ya sauti zote hata kabla mpigaji hajagusa chochote. Kibonyezo hakianzishi sauti bali huifungulia njia, kama bomba lenye maji ya presha ambalo likifunguliwa ghafla hutoa maji kwa kishindo. Chini ya kila kibonyezo mna swichi tisa zisizojifunga kwa wakati mmoja, na kila moja hulidaka wimbi popote lilipofikia. Mruko huo wa ghafla ndio "tak" tunayoisikia. Kasi ya kidole ina athari kidogo, maana ukibonyeza taratibu mlio hutawanyika, lakini nguvu haina kazi.

Wahandisi wa Hammond waliuona mlio huo kuwa kasoro na wakajaribu kuupunguza. Wanamuziki wa jazi waliupenda, na kwa maoni yangu walikuwa na haki, kwa sababu ndio unaoipa noti makali.

B-3 ina pia swichi inayoongeza sauti fupi ya juu mwanzoni mwa noti, ambayo hufifia mara moja. Jambo la kuvutia ni kwamba sauti hiyo hairudi mpaka vibonyezo vyote vya safu ya juu, kati ya safu mbili za kinanda hiki, viwe vimeachiwa. Kwa hiyo Smith, katika mbio zake za noti, alilazimika kuinua kidole kimoja kabla ya kushusha kingine, huku mkono wa kushoto ukitembeza besi.