Zheng: jina moja la Kichina, nasaba nyingi

Zinapotajwa safari za Wachina katika pwani ya Afrika Mashariki, jina linalotangulia ni Zheng He, amiri wa merikebu za Uchina katika enzi ya wafalme wa Ming. Sisi tunaofanya kazi ya kuelimisha umma kuhusu historia hukutana na swali lilelile: je, Wachina wote waitwao Zheng ni wajukuu wa huyo nahodha? Hapana. Yeye mwenyewe hakuzaliwa Zheng, na wala hakuwahi kuzaa.

Alizaliwa mwaka 1371 huko Kunyang, mkoa wa Yunnan, kusini-magharibi mwa Uchina, katika familia ya Kiislamu. Ukoo wake ulikuwa Ma, jina lililoenea sana miongoni mwa Waislamu wa nchi ile, na baba yake na babu yake wote walijulikana kwa cheo cha Haji. Mwaka 1381 jeshi la Ming liliingia Yunnan, ambayo ilikuwa bado mikononi mwa Wamongolia. Baba akafa katika vurugu zile. Mtoto, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, akatekwa, akahasiwa, akapelekwa kutumika katika nyumba ya mwanamfalme Zhu Di huko Beiping, mji tunaouita leo Beijing. Miaka ikapita na towashi yule akawa askari hodari, mrefu wa kimo na mwenye sauti nzito. Zhu Di alipoasi dhidi ya mtoto wa kaka yake aliyekuwa kwenye kiti cha enzi, Ma He alipigana upande wake, ikiwemo vita ya mwaka 1399 kwenye sehemu iitwayo Zhengcunba. Mwaka 1402 Zhu Di akajitawaza kuwa Kaizari Yongle, na mwaka 1404 akamtunuku mtumishi wake jina jipya la ukoo: Zheng. Inasimuliwa kwamba jina hilo lilichukuliwa kutoka uwanja ule wa vita.

Kwa Wachina wa wakati ule hiyo haikuwa zawadi ndogo. Jina la ukoo hutangulia jina la mtu, huandikwa kwenye kibao cha kuwakumbuka wazee, na ndilo linalosema nani atakuombea ukishakufa. Kumpa mtu jina la ukoo ni kumpa mahali pa kusimama.

Safari zake saba, kati ya 1405 na 1433, zimeandikwa sana, kwa hiyo sitazirefusha. Ya kwanza peke yake ilibeba watu zaidi ya 27,000, na safari za baadaye zikafika Mogadishu, Barawa na Malindi. Twiga aliyetoka Malindi aliingia Nanjing mwaka 1415. Mwaka mmoja kabla alikuwa amefika mwingine kama zawadi ya mtawala wa Bengal, na maofisa wa kasri wakamlinganisha na qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao, ambaye huonekana pale tu mfalme anapotawala kwa haki. Yongle, aliyekipata kiti kwa kumwondoa mwana wa nduguye, hakuwa na sababu ya kuwakatalia.

Kwa kuwa alikuwa towashi, Zheng He alimchukua mtoto wa kaka yake amlee kama wake, ili jina lisikatike. Hadi leo wapo watu Yunnan wanaojitambulisha kuwa uzao wake kwa njia hiyo. Kwa hiyo ndani ya familia ileile moja, kwa damu ileile moja, wapo waliobaki Ma na wapo waliokuwa Zheng.

Hapa inafaa kugusa habari ya Pate na Siyu, katika visiwa vya Lamu nchini Kenya, kwa sababu nayo huulizwa. Wenyeji wa huko wana simulizi ya kale kuhusu mabaharia wa Kichina ambao chombo chao kilivunjika, wakaogelea hadi kisiwani, wakasilimu na kuoa. Mwaka 2013 watafiti walipata kisiwani Manda sarafu ya Yongle, na vigae vya sahani za Kichina vimejaa katika magofu ya pwani nzima. Sarafu na sahani, hata hivyo, zinathibitisha biashara. Hazithibitishi nasaba, kwani sahani ya China iliweza kupita mikono kumi ya Wahindi na Waarabu kabla ya kufika Lamu. Na hata simulizi ile ikiwa kweli tupu, hakuna sababu ya kuwatafuta kina Zheng huko Pate. Mabaharia wale walikuwa na majina ya ukoo ya kila namna, na Mswahili hubeba jina la baba yake, fulani bin fulani. Baada ya vizazi viwili jina la Kichina lingekuwa limezama.

Jina Zheng lenyewe ni la zamani mno kuliko amiri huyo. Mwaka 806 KK mfalme wa Zhou, ukoo uliotawala Uchina wakati ule, alimpa mdogo wake eneo la kutawala, na eneo hilo likaitwa Zheng. Baadaye dola hiyo ndogo ikahamia mashariki, katika sehemu za Xinzheng, mkoa wa Henan wa leo, ikastawi kwa biashara kwa kuwa ilikaa njia panda. Njia panda hiyohiyo ndiyo iliyoiponza, kwani kila jirani mwenye nguvu alipita juu yake. Mwaka 375 KK ikamezwa na dola ya Han, na watu wake waliotawanyika wakachukua jina la nchi iliyokufa kuwa jina la ukoo. Katika Baijiaxing, kitabu cha enzi ya Song ambacho watoto wa Kichina walikariri kwa karne nyingi ili kujua majina ya koo, Zheng ni la saba. Mpangilio huo haukufuata wingi wa watu, maana la kwanza ni Zhao, na Zhao lilikuwa jina la makaizari wenyewe. Leo Zheng ni mojawapo ya majina 25 yenye watu wengi zaidi Uchina, na wanaolibeba wamepita milioni 10.

Mtu wa kale wa jina hili ninayempenda kuliko wote ni Zheng Guo, mhandisi wa maji. Alikuwa raia wa Han, na Han ilikuwa ikitishwa na jirani yake mkubwa, Qin. Watawala wa Han wakabuni hila: wamtume Zheng Guo kwa mfalme wa Qin amshawishi achimbe mfereji mkubwa wa umwagiliaji, ili nguvu kazi na mali ya Qin iishie kwenye udongo badala ya vita. Kazi ikaanza mwaka 246 KK. Katikati ya kazi hila ikagunduliwa na mfalme akataka kumuua. Mwanahistoria Sima Qian anaeleza kwamba Zheng Guo hakukana. Alisema ni kweli alikuja kama jasusi, lakini mfereji ukikamilika faida itakuwa ya Qin. Mfalme akamwacha amalize. Maji ya mto Jing yenye tope yakapelekwa kwenye mashamba ya chumvi kaskazini mwa mto Wei, ardhi iliyokuwa haizai ikaanza kutoa nafaka, na nafaka ikalisha majeshi. Mwaka 230 KK Qin ikaiteka Han, ikiwa ndiyo dola ya kwanza kati ya sita ilizozimeza. Mfereji uliitwa kwa jina la jasusi wake, Zhengguo, na unaitwa hivyo mpaka leo.

Wasomi nao wapo. Zheng Xuan, aliyeishi kuanzia mwaka 127 hadi 200, alifafanua vitabu vya Konfusio, na wanafunzi wa karne zilizofuata wakavisoma kupitia maelezo yake. Zheng Banqiao, mchoraji wa mianzi wa karne ya 18, aliacha uhakimu wa wilaya akarudi kuuza picha Yangzhou. Aliandika bei zake hadharani, tael (kipimo cha uzito wa fedha) 6 kwa picha kubwa, 4 kwa ya wastani, 2 kwa ndogo, na akawaambia wateja kwamba fedha ni bora kuliko zawadi. Msanii yeyote aliyewahi kulipwa kwa shukrani atamwelewa.

Baharini, jina hili linarudi kwa kishindo. Zheng Chenggong alizaliwa mwaka 1624 Hirado, Japani. Mama yake alikuwa Mjapani, na baba yake Zheng Zhilong alikuwa mfanyabiashara na mharamia kutoka Fujian ambaye hatimaye serikali ya Ming iliona heri kumpa cheo kuliko kupigana naye. Wamanchu, watu wa kaskazini-mashariki walioanzisha enzi ya Qing, walipoiteka Beijing, mabaki ya Ming yalikimbilia kusini, na mwaka 1645 kaizari mkimbizi alimpa kijana yule jina la ukoo la kifalme, Zhu. Watu wakaanza kumwita Bwana wa Jina la Taifa, na Waholanzi wakalitamka Koxinga. Kwa hiyo Zheng He alipewa jina la Zheng na kaizari, na Zheng Chenggong akaondolewa jina hilohilo na kaizari mwingine, vyote kwa heshima! Baba yake alijisalimisha kwa Wamanchu, mtoto akakataa. Mwaka 1661 alivuka kwenda Taiwan na askari wapatao 25,000, akaizingira ngome ya Waholanzi ya Zeelandia miezi tisa, na Februari 1662 gavana Frederick Coyett akaikabidhi. Miezi michache baadaye Chenggong akafariki akiwa na miaka 37. Mwanawe na mjukuu wake walitawala kisiwa hicho hadi 1683, nao hawakutumia Zhu. Walirudia Zheng.

Mwanamke ajulikanaye zaidi kwa jina hili, Zheng Yi Sao, hakuwa Zheng. Mwanamke wa Kichina haachi jina la ukoo wa baba yake anapoolewa, na jina la baba yake lilikuwa Shi. Jina alilojulikana nalo ni kama kumwita mtu shemeji, mke wa kaka Zheng Yi. Walioana mwaka 1801, mume akafa 1807, na mjane akashika uongozi wa muungano wa maharamia wa bahari ya Guangdong pamoja na Zhang Bao, aliyekuwa mtoto wa kulea wa marehemu. Serikali ya Qing ilishindwa kumvunja kwa mizinga. Mwaka 1810 ikapatana naye. Wengi wa watu wake wakasamehewa, na yeye akafa kitandani mwaka 1844.

Kisa cha Siam, Thailand ya leo, ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi jina linavyoweza kutumika. Mfalme Taksin, aliyezaliwa 1734 na baba Mchina wa ukoo wa Zheng kutoka Chenghai, aliikomboa nchi baada ya Waburma kuichoma Ayutthaya, mji wake mkuu, mwaka 1767. Kwenye kumbukumbu za Qing anaitwa Zheng Zhao. Mwaka 1782 akapinduliwa na kuuawa, na jemadari wake akashika ufalme akawa Rama wa Kwanza. Sasa, biashara na Uchina ilipitia kutambuliwa na kaizari, na kaizari hakupenda wanyang'anyi wa viti. Rama akajitambulisha Beijing kama Zheng Hua, mwana wa marehemu Zheng Zhao. Huyo mwana alizaliwa 1737, miaka mitatu tu baada ya baba, na tena binti yake alikuwa ameolewa na huyo baba. Beijing ikamtambua. Warithi wake watatu nao wakaendelea kujiita Zheng kila walipoiandikia China, huku nyumbani Bangkok hakuna aliyewaita hivyo.

Msomaji anayekutana na jina hili leo huenda asilitambue, kwani huandikwa Cheng kwa watu wa Hong Kong, Tay au Teh kwa Wahokkien, Wachina wenye asili ya Fujian, wa Singapore na Malaysia, Trịnh Vietnam na Jeong Korea. Wachina wawili wa ukoo wa Zheng wakitaka kujua kama ni ndugu hawaishii kwenye jina. Huulizana kijiji cha asili cha wazee, kisha hutazama kitabu cha nasaba cha ukoo. Katika koo nyingi, vizazi hupangiwa herufi kwa mfuatano wa shairi, na wanaume wote wa kizazi kimoja hubeba herufi ileile ndani ya majina yao. Kijiji kikipatana na shairi likipatana, hata kijana wa miaka ishirini anaweza kugundua kwamba mzee aliye mbele yake anapaswa kumwita yeye baba mdogo.